Sista Tuulize: Mtoto wa pumu kapimwa kwa kukimbia, jibu la kwanza sawa la pili si sawa, tuamini lipi?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu jambo moja, kipimo cha kukimbia kwa watoto wenye pumu. Nimechagua nne, na ya kwanza ntaijibu kwa urefu manake hapo ndo watu wengi wanapotea.

Assalamu alaikum sista. Mie ni mama wa watoto watatu, nakaa Kisauni. Mwanangu wa pili ana miaka 9, kifua chamsumbua tangu mdogo na daktari alitwambia ni pumu. Akicheza mpira akirudi ni kukohoa mpaka usiku na kifua chalia. Nikaambiwa nimpeleke akapimwe kwa mazoezi. Hapo kwanza alikimbizwa kwenye varanda ya kliniki, kwenda na kurudi, halafu akapuliza kale kamashine mara moja wakasema yuko sawa, mazoezi hayamdhuru. Babake akafurahi akasema basi inhela ziwekwe kando. Wiki tatu baadae mwalimu akanipigia simu, mtoto kabanwa uwanjani. Nikampeleka kwengine, huko wakampandisha kwenye tredmili ndani ya chumba cha eisi, wakambana pua, akapuliza mara nyingi, wakasema kipimo cha pumzi kimeshuka kwa asilimia 11 kwa hivo ana pumu ya mazoezi. Sasa niamini nani? Babake asema hivi vipimo ni vya kula pesa tu. *Mama Watatu, Kisauni*

Waalaikum salaam mamangu. Jibu kwanza halafu maelezo: amini cha pili, na zile inhela zirudi kazini leo vile daktari wake alivoziandika. Kile cha kwanza hakikusema uongo kwa makusudi, lakini kilivofanywa hakingeweza kusema kitu chochote cha maana, na ntakuonyesha kwa nini.

Mtoto akikimbia kwa nguvu huacha kupumua kwa pua akapumua kwa mdomo, hewa nyingi, haraka haraka, na hiyo hewa yote lazima ilowanishwe na mwili kabla haijafika chini kwenye mapafu. Yale maji yanatoka kwenye utando wa njia za hewa zenyewe. Zikikauka, ule umajimaji uliobaki unakuwa na chumvi nyingi kuliko kawaida, na kwa mtoto wa pumu hapo ndo seli zilizoko kwenye utando zinamwaga kemikali zinazoitwa histamini na lukotrini, misuli inayozunguka mirija inakaza, na wewe unaskia kifua kinalia. Kwa hivo kinachombana si kukimbia kwenyewe, ni ule ukavu. Kumbuka neno hilo ukavu manake ndo lenye siri yote ya kipimo hiki.

Wataalamu wa kipimo hiki wanataka hewa anayovuta mtoto iwe kavu, chini ya miligramu 10 za maji kwa kila lita, na joto la chumba kati ya 20 na 25. Haya sasa angalia hewa yetu ya Mombasa. Siku ya digrii 30 na unyevu wa asilimia 75, yaani siku ya kawaida kabisa hapa, lita moja ya hewa ina karibu miligramu 23 za maji. Zaidi ya mara mbili! Mtoto aliyekimbia kwenye varanda Kisauni amekimbia ndani ya dawa, ile hewa yenyewe inamlinda. Ndio maana nawaambia wazazi, hapa pwani mtoto akikimbia nje na kipimo chake cha pumzi kisishuke usishangilie, hujaona kitu bado. Ndani ya chumba cha eisi chenye digrii 22 na unyevu wa 50 hivi unafika kwenye ile miligramu 10, na pale wakambana pua ili apumue kwa mdomo tu. Walifanya sawa.

Na hili lina maana kubwa kwa wale ambao watoto wao husafiri na timu ya skuli kwenda bara. Hewa ya digrii 11, hata ikiwa imejaa ukungu mpaka haiwezi kubeba zaidi, haibebi zaidi ya hizo miligramu 10. Asubuhi ya Julai Nairobi ni hivo hivo ama karibu na hivo. Nshaona wazazi wakisema "mtoto alikuwa mzima Mombasa, akaenda bara akaumwa, ni mabadiliko ya hali ya hewa". Naam ni hewa, lakini pumu ilikuwepo hapa hapa, hewa yetu ilikuwa imeificha.

La pili ni dawa na chakula. Hukuniandikia, lakini jiulize: ile siku ya varanda alivuta inhela ya bluu asubuhi kwa sababu alikuwa anakohoa? Ile dawa ya ndani yake, salbutamol, inatakiwa iwe imeachwa masaa 8 kabla ya kipimo. Ukimpima mtoto salbutamol ikiwa bado ndani ni kama kutafuta tundu la mashua ikiwa imepandishwa mchangani. Dawa zengine zina masaa yake, zile inhela za masaa mengi ni siku nzima au zaidi, montelukast ni siku kadhaa, dawa za mafua na aleji nazo zinapunguza jibu. Lakini tafadhali sana usiachishe dawa kwa kichwa chako kwa sababu umesoma hapa, hasa ile inhela ya kila siku yenye steroidi, uliza wanaopima wakwambie kila dawa isimame lini na ile ya kila siku mara nyingi inaachwa iendelee. Na ikiendelea na mtoto asishuke, maana yake si kwamba hana pumu, maana yake dawa inafanya kazi! Hapo ndo kina baba wengi wanakosea, wanaona kipimo kizuri wanatoa dawa, wakati ni dawa ndo iliyoleta kipimo kizuri.

Chai pia. Kafeini inafungua mirija kidogo, kwa hivo siku ya kipimo hakuna chai ya rangi, hakuna chai ya maziwa na mahamri, hakuna kahawa ya babu barazani, hakuna soda ya kola, na bora ianzie siku moja kabla. Mpe uji.

La tatu, alifikaje kliniki? Kama alikimbilia matatu, au alikuwa akicheza nje na wenzake akingoja kuitwa, basi kipimo kimeharibika kabla hakijaanza. Karibu nusu ya watu wenye shida hii wakishabanwa mara moja, masaa mawili matatu yanayofuata mirija haiitikii sawasawa tena, mwili unakuwa umejikinga. Kwa hivo wanataka mtoto asiwe amefanya zoezi la nguvu masaa 4 kabla. Panda tuktuk mpaka mlangoni, mkalishe, mpe kitabu.

La nne ni nguvu ya kukimbia. Kwenda na kurudi kwenye varanda mtoto akiangalia paka njiani haitoshi. Inatakiwa ndani ya dakika 2 au 3 moyo ufike asilimia 80 mpaka 90 ya upeo wake, halafu ukae hapo hapo dakika 4 au zaidi, jumla kama dakika 6 kwa mtoto wa umri wake, wakubwa 8. Upeo unakisiwa kwa kutoa umri kwenye 220, kwa hivo kwake ni 211, na moyo unatakiwa upige kama 170 mpaka 190 kwa dakika. Mtoto wa hapo hawezi kuzungumza nawe, anahema. Ukiona katoka anacheka hajatoka jasho, hakupimwa.

Na la tano, kupuliza mara moja! Hili ndo lililoniudhi kabisa kwenye barua yako. Anapuliza kabla ya kukimbia, halafu baada ya kusimama anapuliza tena dakika ya 5, ya 10, ya 15, ya 30, na kwa watoto wadogo hata dakika ya 1 na ya 3 manake wao wanashuka mapema na kupanda mapema. Ukipuliza mara moja tu unaweza kupita kabla hajashuka au baada ya kurudi juu. Na kila mara anapuliza zaidi ya mara moja ili wajue ile namba ni yake kweli na si uvivu wa kupuliza.

Sasa ile 11 yenu. Wanachopima ni hewa inayotoka sekunde ya kwanza akipuliza kwa nguvu zote, kwenye karatasi imeandikwa FEV1. Tuseme alianza na lita 1.80 akashuka mpaka 1.60, hiyo ni asilimia 11. Muongozo wa Marekani wa 2013 unasema kushuka kwa 10 kwenda juu ni tatizo. Muongozo wa GINA, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa pumu, unaofuatwa nchi nyingi, unataka kwa mtoto kushuke zaidi ya 12. Na zamani wengine walikuwa wanataka 15. Kwa hivo mtoto mmoja, pumzi moja, chumba hiki ni mgonjwa na chumba kile ni mzima. Sikwambii haya ukate tamaa, nakwambia ili usishikilie namba peke yake. Mtoto wako ana kifua kinacholia baada ya mpira, kikohozi cha usiku, na simu ya mwalimu, na juu yake 11 kwenye hewa kavu. Hayo yote yanaelekea upande mmoja.

Na hata kikifanywa vizuri kabisa kinaweza kubadilika. Mwaka 2010 Sandra Anderson wa Sydney na wenzake walitoa utafiti wa watu 373, watoto na wakubwa, wenye dalili hafifu za pumu, wakawakimbiza mara mbili ndani ya siku chache, tredmili ile ile, hewa kavu ile ile. Karibu robo yao walivuka ile 10 mara moja tu, mara ya pili hawakuvuka. Kwa hivo kwa mtoto mwenye dalili, kipimo kimoja kizuri hakitoshi kumwambia mtu huna shida, inaweza kuhitajika cha pili. Kwa mwenye shida kubwa majibu huwa yanafanana zaidi, huyu wa katikati ndo anayumba, na watoto wetu wengi ni wa katikati.

Mwambie babake kwa heshima kwamba pesa zilizopotea ni za varanda, za tredmili hazikupotea. Ukirudi kwa daktari mchukulie karatasi zote mbili na umueleze vile kila kipimo kilifanywa, mimi naona hayo maelezo yana uzito kuliko zile namba.

Habari ya kazi sista. Mimi ni baba, nakaa Likoni. Binti yangu ana miaka 4, akicheza sana anakohoa mpaka anatapika. Tumeambiwa hawezi kupimwa mpaka akue. Ni kweli ama wanatuzungusha? *Baba Likoni*

Salama ndugu yangu. Hawakuzungushi. Mtoto wa miaka 4 hawezi kukimbia kwenye tredmili kwa mpangilio, na wengi wao wanamaliza pumzi kabla sekunde moja haijaisha kwa hivo ile hesabu ya FEV1 haikai vizuri, wanaopima wadogo huangalia nusu sekunde badala yake. Waholanzi walipata njia nzuri sana, kule mji wao wa Enschede wakaweka lile jumba la kurukia la hewa, lile la sherehe za watoto, ndani ya ukumbi wa barafu wenye baridi, watoto wa miaka 5 kwenda juu wakaruka huku wakipimwa kila baada ya muda mfupi. Wakaona kuna watoto wanaobanwa wakati bado wanaruka, hawangoji kusimama. Mimi hilo nimelipenda kwa sababu linaelezea wale watoto ambao mama anasema "anaacha mchezo katikati anakuja kukaa nami" na watu wanamuita mvivu.

Hapa kwetu kwa umri wake daktari ataangalia dalili, ataskiliza familia ina pumu au ukurutu wa ngozi, na mara nyingi atajaribu dawa miezi 2 au 3 aone kama kikohozi kinapungua na kama kinarudi zikisimamishwa. Kazi yako ni daftari: alicheza nini, alikohoa wakati gani, usiku aliamka, mlikuwa mmefukiza udi au ubani siku hiyo, jirani alikuwa anawasha mkaa. Moshi wa ubani kwenye nyumba ya mtoto wa kifua naomba uusimamishe tu, najua ni desturi na harufu ni nzuri, fukizeni nguo nje.

Sista salaam. Nafundisha michezo skuli moja Changamwe. Nina watoto kama sita najua wana pumu na wengine nashuku. Naweza kununua ile mita ndogo ya plastiki ya kupuliza niwapime mwenyewe uwanjani? Na niwatoe kwenye timu? *Kochi, Changamwe*

Kochi nakupongeza kwa kujali. Kukimbiza watoto uwanjani kumefanywa hapa hapa Kenya na kumetufundisha mengi, kuna utafiti mkubwa uliochapishwa 1998, watoto wa skuli zaidi ya 1,000 wa Nairobi na wa mashambani Murang'a, walikimbia dakika 6 wakapimwa kabla na baada. Walioshuka kwa asilimia 10 au zaidi walikuwa karibu 23 katika kila 100 mjini, na 13 katika kila 100 mashambani. Wengi hao! Kwa hivo hao unaowashuku huenda unawashuku kwa haki.

Lakini wewe si wa kutoa jibu la ugonjwa, wewe ni wa kumuona mtoto na kumpeleka mbele. Ile mita inapima kasi ya kupuliza na inategemea sana bidii, mtoto aliyechoka anapuliza kivivu namba inashuka na unadhani ni pumu. Ukitumia, apulize mara tatu uchukue ya juu, kabla na baada, dakika ya 5, 10, 15. Ikishuka kwa zaidi ya asilimia 15 halafu ikapanda tena akipumzika au akivuta salbutamol, andika, mpe mzazi apeleke hospitali. Isiposhuka usiseme kitu kwa sababu ya ile hewa yetu niliyoeleza juu. Mzazi akubali kwanza, mtoto aliyekuwa na homa au mafua wiki hizi asikimbizwe, na usianze kabla inhela ya salbutamol na speisa, ile chupa ya kuvutia dawa inayokaa kati ya inhela na mdomo, hazijawa mkononi mwako. Speisa hamna? Chupa ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu, inatobolewa chini tundu linalobana mdomo wa inhela sawasawa, watafiti wa Cape Town walionyesha 1999 kwamba ikizibwa vizuri pale inhela inapoingia inafanya kazi kama ya dukani.

Mtoto akibanwa: mkalishe wima, usimlaze, bonyeza inhela mara 4 kwenye speisa, moja moja, kila ukibonyeza avute pumzi 4, mngoje dakika 4. Hajapata nafuu rudia na muondoke kwenda hospitali. Asiyeweza kumaliza sentensi au midomo inabadilika rangi, hapo huna cha kungoja, gari iwake huku mnampa dawa njiani.

Kuwatoa kwenye timu, hapana kabisa. Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu ya mazoezi tangu kijana, akakimbia marathoni London 2003 kwa saa 2:15:25, na rekodi hiyo ya wanawake ilikaa mpaka Brigid Kosgei wetu alipoivunja Chicago 2019. Wape muda wa kupasha mwili moto polepole kabla ya mechi, na aliyeandikiwa kuvuta inhela kabla ya mchezo avute robo saa kabla, si wakati firimbi inalia.

Sista, mimi ni msichana wa miaka 14 niko Nyali, naogelea na kukimbia. Nikikimbia sana koo linafunga na nikivuta pumzi ndani inatoa sauti ya ajabu kubwa, nikisimama dakika mbili tatu imeisha. Inhela haisaidii. Nimepimwa mazoezi mara mbili kipimo hakishuki. Kochi asema ni uoga. *Msichana, Nyali*

Mwanangu, si uoga, na mimi nakuamini. Pumu ya mazoezi kwa kawaida inazidi baada ya kusimama, dakika 5 mpaka 10 hivi, sauti yake iko zaidi kwenye kutoa pumzi nje, na inachukua nusu saa au zaidi kuisha yenyewe. Yako inakuja ukiwa kwenye kasi, iko kooni, iko kwenye kuvuta ndani, na inaisha haraka. Hiyo inafanana sana na shida ya nyuzi za sauti, yaani pale kooni njia inajibana wakati inatakiwa ifunguke. Inawapata sana wasichana wa umri wako wanaocheza michezo kwa bidii, na kipimo cha FEV1 hakiioni kwa sababu kinapima mirija ya chini kifuani, si koo. Kwa hivo vile vipimo viwili vyako vilikuwa sawa, vilikuwa vinaangalia kwengine tu.

Kipimo chake ni kamera nyembamba inayopitishwa puani kuangalia koo, na bora zaidi ikifanywa ukiwa unakimbia au mara tu umesimama, kwa sababu ukiwa umetulia koo linaonekana zima kabisa. Matibabu mengi ni mazoezi ya kupumua unayofundishwa na mtaalamu wa sauti au wa fiziotherapi. Kuna watu wana vyote viwili, pumu na hii, kwa hivo kama uliandikiwa inhela ya kila siku usiitupe mpaka daktari aseme. Wiki hii mwambie mwenzako akurekodi kwa simu ukiwa umebanwa, picha na sauti, uso na shingo vionekane, halafu wewe na mamako mumpelekee daktari wa masikio, pua na koo hiyo video, na mumwambie tangu mwanzo kwamba sauti inatoka ukivuta ndani.